Shahidi wa Padri

Katibu wa askofu alifuta meza, akapanga glasi za maji, akaongeza kiti kimoja kwa ajili ya marehemu.

Padri alishtakiwa kwa kumchafulia jina mjenzi wa kanisa jipya. Ukuta wa sakristia ulimwangukia mwanamke aliyekuwa akifagia, akafa papo hapo. Jumapili iliyofuata padri alisema mimbarini kwamba hayo hayakuwa mapenzi ya Mungu, ilikuwa saruji iliyoibwa. Mjenzi alikuwa mdogo wake askofu, tumbo moja.

"Sifuti neno langu, Baba Askofu," padri alisema. "Ukuta ule ulimong'onyoka mkononi mwangu kama mkate mkavu. Na shahidi ninaye."

Marehemu aliingia, akapiga goti, akabusu pete ya askofu, akaketi. Kitambaa chake cha kichwani kilikuwa bado na vumbi la ukuta. Katibu alimsogezea maji; hakunywa.

Askofu alimwita kwanza mume wa marehemu, shahidi wa mjenzi. Mwanamume huyo alikuwa amevaa viatu vipya, na alivitazama muda wote aliozungumza.

"Ukuta ulikuwa imara. Siku ya mke wangu ilikuwa imefika tu. Kazi ya Mungu haina makosa."

Mkewe alimgeukia. "Siku hizi unafanya kazi wapi?"

"Kwa mjenzi. Nalinda stoo."

"Watoto wanakula?"

"Wanakula. Mkubwa amerudi shule."

"Na kifua cha mdogo?"

"Kimepona. Mjenzi mwenyewe alimpeleka hospitali kwa gari lake."

Padri alielewa kabla marehemu hajafungua kinywa.

"Baba Askofu," mwanamke alisema, "andikeni kama alivyosema mume wangu."

Katibu akaandika.

"Mama," padri alisema taratibu, "mimi ndiye niliyekufumba macho. Yalijaa mchanga."

"Najua, Padri. Mungu akulipe. Lakini wewe huna mtoto."

Askofu alimvua padri parokia, akamtuma akaishi na mapadri wastaafu. Kisha akawabariki wote, walio hai na aliyekufa.

Padri alimsindikiza mwanamke hadi makaburini. Walipopita kanisani, mafundi wa mjenzi yule yule walikuwa wakiuinua upya ukuta wa sakristia. Mwanamke aliuparuza kwa kucha, mchanga ukamwagika.

"Nani anafagia hapa siku hizi?"

"Mdogo wako," padri alisema. "Yule kitindamimba."