Mabaka ya Mbwa wa Binti

Huniudhi sana watu wanaosubiri mpaka mbwa awe kama zulia lililogugunwa na panya, ndipo wamkumbuke daktari wa mifugo. Mama mmoja alimpandisha mbwa wake kwenye meza yangu ya kliniki akiwa na mabaka ya duara mgongoni, hayana hata unyoya. Nilikwangua ngozi kidogo, nikaitazama kwenye hadubini. Ilikuwa fangasi.

“Mama, mlikuwa wapi siku zote?” nilifoka. “Hii inaambukiza. Kuna mtu nyumbani anayenyonyoka nywele?”

“Alikuwepo; ni binti yangu. Zake ziliisha kwa dawa za saratani. Mbwa alipoanza naye kunyonyoka, akatukataza kumtibu. Alisema, ‘Mwacheni, mama, tufanane.’ Tumemzika juzi.”

 Nilichukua mkasi, nikapunguza manyoya pembeni mwa mabaka, nikapaka dawa polepole. Mama alikuwa amekishika kichwa cha mbwa kwa mikono miwili.

“Yataota tena, daktari?”

“Yataota, mama. Ondoa wasiwasi.”

Hapo ndipo alipoangua kilio.

“Hata yeye,” alisema, “walimwambia hivyo hivyo.”