Paji la Uso la Pikipiki

"Ukinitajia koili mara nyingine, nitakupiga na hii spana."

"Sijataja koili, Mama. Leo nimesema kabureta."

"Kabureta ulisema juzi! Tukaifungua, tukaiosha kwa petroli, tukapuliza vitundu vyake vyote mpaka kichwa kikanizunguka. Jana ukaja na koili. Kesho utaniambia nini? Kwamba tairi lina homa?"

"Jana ilikuwa plagi," alisema Galsan kutoka mlangoni mwa hema, bakuli la chai ya chumvi mkononi. "Koili ilitangulia."

"Wewe nyamaza. Hakuna aliyekuuliza."

Galsan, mdogo wake Dulamsuren mwenye spana, akanyamaza kidogo tu, muda wa funda moja la chai. "Mimi nimesema tangu mwanzo. Farasi akikataa njia mara tatu, mwenye akili hampigi. Anageuza."

"Mjomba, hii si farasi," Zula akasema. "Haina macho."

"Ina taa."

Dulamsuren aliitupa spana kwenye mfuko wa vifaa. Hakuwa mtu wa kuchanganyikiwa. Aliwahi kumzalisha ngamia katikati ya kimbunga cha mchanga huku akimpigia kelele mumewe, Mungu amrehemu, ashike taa vizuri. Lakini pikipiki hii ilikuwa imemshinda.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Zula, binti yake wa pekee, alikuwa amehitimu udaktari wa mifugo, na wilaya moja iliyo ng'ambo ya jangwa la Gobi, mwendo wa siku mbili, ilikuwa imempa kazi. Sharti lilikuwa aripoti Jumatatu asubuhi akiwa na pikipiki yake mwenyewe, nzima, kwa sababu mifugo ya huko imetapakaa jangwani na ofisi haina gari la kumpa. Asipotokea, nafasi inakwenda kwa mwingine. Leo ilikuwa Jumamosi. Na pikipiki, ile ya Kijapani yenye miguu mirefu, inayokwenda kwenye lami na kwenye mawe vilevile, haikutaka kwenda.

Siyo kwamba ilikuwa imekufa. Ingekufa, Dulamsuren angejua la kufanya. Kilichokufa huzikwa, watu wakarudi kwenye kazi zao. Lakini hapa nyumbani ilikimbia kama mwanambuzi. Galsan aliipanda kutwa nzima akifukuza ngamia, isikohoe hata mara moja. Ila Zula akijaza tangi, akifunga mizigo, akiaga, akipanda mlima na kuupita ovoo, lile rundo la mawe na vitambaa vya samawati lililoko juu ya njia, basi huko chini upande wa pili inazima. Ukiingoja, inawaka, inajikongoja kidogo, inazima tena. Ukiifikisha nyumbani, inawaka kwa kiki moja kana kwamba inakucheka.

Mara tatu Zula alikuwa ameaga. Mara tatu alirudi, uso mweusi kwa vumbi.

Na kuaga si jambo la kupunga mkono tu. Kila mara Dulamsuren alifanya yote yanayopasa. Alichukua maziwa ya kwanza ya asubuhi, ambayo hata mtoto hajayaonja, akayarusha nyuma ya msafiri kwa mwiko wa mbao. Alimnusa binti yake shavu moja, maana kwao kubusu ni kunusa, akaliacha la pili, ili lile lililobaki limrudishe mtoto kwa mama yake siku ya siku. Ila Zula alirudi siku ileile, ikabidi lile la pili linuswe, na kesho yake kuanza upya, na sasa Dulamsuren hakujua tena shavu lipi lina deni na lipi limelipwa.

Tena kulikuwa na suala la paji. Farasi wa safari ndefu hupakwa maziwa kwenye paji la uso. Sasa pikipiki paji lake liko wapi? Siku ya kwanza Dulamsuren aliizunguka akitafuta. Taa ni jicho. Usukani ni pembe. Mwishowe akaamua ni pale juu ya tangi, kwenye kifuniko, mahali ambapo mtu angempapasa farasi wake. Akapaka. Safari ya kwanza ilipoharibika, akajiambia baraka ilikuwa chache, akaongeza. Ya tatu alimimina mwiko mzima.

Kadiri alivyobariki ndivyo ilivyozima. Hilo ndilo lililomnyima usingizi, maana lilimfanya ajiulize jambo ambalo hakutaka kulijibu: labda ni yeye. Labda mdomo unasema nenda na moyo unasema kaa, na kile chuma kinausikia moyo.

"Basi nisiende," Zula akasema ghafla. Alikaa chini, mgongo kwenye gurudumu. "Nimechoka, Mama. Nitafute kazi hapahapa."

Ilikuwa ndiyo kauli ambayo Dulamsuren aliingoja kwa siri tangu kiangazi. Alitarajia kwamba akiisikia atafurahi. Badala yake alihisi kama mtu aliyeingia hema la jirani akidhani ni lake: kila kitu kipo, na hakuna chako.

"Inuka," akasema.

"Niende wapi?"

"Tunakwenda wote. Nataka niione ikizima kwa macho yangu haya. Funga mizigo yote, kila kitu, kama unaondoka kweli. Mnyama hupimwa akiwa amebeba."

"Na wewe juu ya hayo yote? Mzigo utazidi."

"Mimi si mzigo. Mimi ni mama yako."

"Hilo ndilo lililo zito," Galsan akasema, akajificha nyuma ya bakuli lake.

Walijaza tangi mpaka mdomoni. Zula akakaza mnyororo, akabonyeza matairi, akafunga mifuko miwili ubavuni. Dulamsuren alichota maziwa kama kawaida, akapaka paji, akapanda nyuma, pindo la joho lake amelifunga kiunoni. Hakunusa shavu lolote. Safari hii haikuwa ya kuaga.

Pikipiki ilikwenda vizuri mno. Ilipanda mlima huku ikinguruma kwa furaha, na Dulamsuren, akiwa amemshika binti yake kiunoni, alianza kushuku kwamba hata kuzima itakataa, ili yeye aonekane mjinga. Kwenye ovoo walizunguka mara tatu kama inavyopasa, wakaitupia mawe. Galsan, aliyeamini ovoo ndiyo inayokataa njia, alikuwa amewasihi wasiruke hata mzunguko mmoja. Hawakuruka.

Chini ya mteremko wa pili, injini ikakohoa. Ikavuta pumzi moja ndefu. Ikazima.

Upepo tu, na mahali fulani mwewe.

"Umeona?" Zula akasema.

"Nimeona. Sijaelewa, lakini nimeona."

Zula akashuka, akafungua plagi, akaiegemeza kwenye injini na kupiga kiki. Cheche ikaruka, ya samawati, safi.

"Koili nzima. Plagi nzima."

"Nikisikia tena hilo neno..."

"Mama, nasema *ni nzima*."

Akachomoa mpira wa petroli kwenye kabureta. Yakatoka matone mawili matatu, kisha basi. Akaangalia koki, iko wazi. Akaupuliza mpira; hauna taka. Wote wawili wakalitazama tangi ambalo walilijaza wenyewe asubuhi ile.

"Imekwisha?" Dulamsuren akauliza.

"Imekwishaje? Tumetembea kidogo tu!"

"Basi imevuja."

"Ingevuja tungeinusa."

"Basi sijui. Usiniulize mimi, wewe ndiye uliyesoma. Fungua uone imo au haimo."

Zula akatia ufunguo. Kifuniko kilikuwa kigumu, kimegandamana. Akakizungusha kwa mikono miwili, akakivuta. Kikatoka kwa sauti, *fyuuu*, kama mtu aliyebanwa pua akiachiwa. Na palepale petroli ikabubujika kutoka kwenye ule mpira ulioning'inia, ikamwagikia buti la Zula.

"Funga koki! Funga!"

Akafunga. Wakatazamana.

"Kwani umefanya nini?" Dulamsuren akauliza.

"Sijafanya kitu. Nimefungua kifuniko."

"Rudisha."

Zula akakirudisha na kuinamisha mpira kwenye kikombe chao cha chai, koki wazi. Petroli ikatoka, ikapungua, ikawa uzi, ikakata. Akafungua kifuniko: ikabubujika. Akafunga: ikakata tena. Dulamsuren akamsukuma kando akajaribu mwenyewe, na ikafanya vilevile, akajaribu tena kwa sababu hakupenda kuamini kitu kilichokuwa wazi hivyo. Alikuwa amekiona mara elfu. Kopo la maziwa mazito ukilitoboa tundu moja halimimini. Lazima utoboe la pili, la hewa.

"Halipumui," akasema.

"Halipumui," Zula akasema pamoja naye, na tayari alikuwa akikigeuzageuza kile kifuniko. "Kina tundu dogo la kuvutia hewa, hapa chini ya... Hii ni nini?"

Chini ya kibati kidogo kinachofunika tundu la ufunguo palikuwa na utando mgumu, mweupe uliochafuka, umejaa vumbi, umekauka kama lipu ya ukuta. Zula akaukwaruza kwa ukucha. "Nani ameniwekea saruji kwenye tangi?"

Dulamsuren akachukua kipande. Akakinusa. Kisha, maana hakukuwa na njia nyingine ya kuwa na hakika, akakiweka ulimini.

Kilikuwa kichachu. Kilikuwa na mchanga na petroli, lakini chini ya hayo yote kilikuwa na ule utamu wa chumvi ambao angeutambua hata akiwa amefumba macho. Ngamia wake mweupe. Maziwa ya kwanza ya asubuhi.

Akakitema.

"Mama?"

"Nyamaza kwanza."

"Mama, umetafuta paji la pikipiki ukanizibia pua yake?"

"Nimesema nyamaza!"

Zula alinyamaza kwa juhudi kubwa. Mabega yakaanza kumtetemeka, kisha akaketi chini mchangani akicheka mpaka machozi yakachora mistari kwenye vumbi la mashavu. Dulamsuren hakucheka. Alikuwa anarudi nyuma kichwani, siku baada ya siku, akiyaona yote yakigeuka kama shati linalogeuzwa ndani nje. Nyumbani Galsan aliweka petroli kidogo kidogo, akifungua kifuniko kila mara kuchungulia imebaki kiasi gani. Kila alipochungulia, mnyama alivuta pumzi. Safarini tangi lilijaa mpaka mdomoni, kifuniko kikafungwa, na hakuna aliyekigusa. Ovoo haikuhusika. Koili haikuhusika. Na moyo wake, ambao alikuwa ameushtaki usiku mzima, haukuhusika pia, au kama ulihusika, ulikuwa umepitia mkononi.

Aliichomoa sindano iliyochomekwa daima ndani ya ukosi wa joho lake, ikiwa na uzi wake wa samawati. "Lete."

Akakizibua kile kitundu taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba, akakifuta kifuniko kwa mate na pindo la joho. Akakiweka mdomoni akapuliza. Hewa ikapita upande wa pili, baridi, ikamgusa kiganja. Akakirudisha mwenyewe na kukifunga. Zula akachomeka mpira, akapiga kiki. Injini ikashika. Wakaiacha ingurume huku wakiisikiliza muda mrefu, Dulamsuren ameinamisha kichwa, akingoja ile pumzi ndefu. Haikuja.

"Basi twende nyumbani," Zula akasema akipangusa macho. "Nikurudishe, nile, nilale. Kesho asubuhi..."

"Kesho ukiondoka utafika Jumatatu jioni."

"Nitawaeleza."

"Utawaeleza nini? Kwamba mama yako amegandisha mtindi kwenye tangi?" Dulamsuren akafungua pindo la joho kiunoni, likashuka. "Na ukirudi, kesho nitaipaka pikipiki tena. Najijua. Nitajiambia tone moja tu, na nitamimina mwiko."

Zula hakucheka safari hii. "Mama, hapa tuko mbali. Utafikaje?"

Kule bondeni, upande wa kushoto, moshi ulikuwa ukipanda kutoka hema la jirani zao, kina Sodnom. Dulamsuren akauonyesha kwa kidevu. "Nitakunywa chai yao. Galsan akiona giza linaingia atanifuata kwa farasi, akifurahi, akisema ni ovoo. Nitamwacha aseme."

"Lakini hatujaaga. Hakuna maziwa, hakuna..."

"Maziwa yamo ya kutosha."

Hapo pia alikuwa na mashaka, na hakuyaficha vizuri. Hakuna mtu wa kwao aliyeondoka nyikani hivi, bila mwiko, bila hema nyuma yake. Alitazama huku na huku kana kwamba ngamia mweupe angetokea. Halafu akaichomeka ile sindano, uzi na vyote, kwenye ukosi wa binti yake.

"Kila asubuhi kabla ya kuwasha. Hicho kitundu. Hata kama ni kisafi."

"Ndiyo, Mama."

"Lete shavu."

"Lipi? Siku ile ulinusa la kulia."

"La kushoto."

"Hapana, la kushoto lilikuwa niliporudi, na la kulia..."

"Sijui, Zula! Sijui tena!" Akamshika kichwa kwa mikono miwili, akamgeuza upande wowote, akamnusa shavu lililokuwa karibu. Lilinuka petroli. "Lingine utaniletea. Utakaporudi, wewe ndiye utakayekumbuka ni lipi."

Akaipiga pikipiki kofi kwenye kiti, kama anavyopigwa farasi matakoni.

Zula akaingiza gia. Akaondoka bila kugeuka nyuma, kama ipasavyo. Dulamsuren akasimama mpaka mlio ukawa wa nyuki, akiusikiliza usikatike, kisha akaokota jiwe, akalitupa upande wa ovoo kwa usalama tu, akaanza kuufuata moshi wa kina Sodnom.