Pilau ya Barking

Serah hakuwa mtu wa kusahau, na watu wa Barking, huko London, alikuwa ameapa kabisa kutowasamehe. Kilichomchoma ni kwamba walikuwa Wakenya wenzake, watu wa kusali. Alikwenda kwao na wazee wa kanisa waliofunga tai, kumposea mwanawe Tony, wamebeba mablanketi, sukari na kreti za soda kama inavyotakiwa. Wakakaribishwa, wakaombewa, wakapakuliwa pilau. Sahani zilipoondolewa ndipo baba wa binti akakohoa na kusema, samahani, binti alikuwa amekwisha kuposwa na kijana wa Coventry, tena tangu mwezi uliopita. Hebu fikiria. Mwezi mzima wanajua, na wanakuacha uvae, upande treni, uje ule. "Simu hawana?" Serah aliuliza njia nzima kurudi kwake Lewisham, na miaka miwili baadaye alikuwa bado anauliza.

Sasa jioni moja ya Machi 2004, bintiye Natasha anaingia jikoni na kusema haendi tena Boston.

Haendi. Chuo cha huko kimeshamlipia tiketi na hoteli, aje akione kabla hajaamua kama atafanya shahada ya uzamivu kwao. Na Boston ndiko aliko Syombua, dada yake Serah, ambaye figo zimemkataa na hawezi kukaa mbali na mashine ya kumsafisha damu. Serah aliomba viza ya kwenda kumwona, akanyimwa. Natasha, aliyezaliwa hapa, ana pasipoti ya Uingereza na anapita tu. Dada hao hawajaonana tangu mazishi ya mama yao. Ndiyo maana leso na unga wa uji vilikuwa vimeshapangwa kwenye sanduku la Natasha, na mwenye sanduku hajaulizwa.

"Nimekubali kusoma Manchester," Natasha alisema kwa Kiingereza, maana Kiswahili alikielewa lakini hakukizungumza. "Jana niliwathibitishia."

"Nani amekukataza Manchester? Soma Manchester. Lakini Boston uende, umwone mama yako mkubwa, urudi, ndipo uwaambie hao maprofesa."

"Mama, watanilaza, watanilisha, mtu ataacha kazi yake anitembeze. Na mimi najua sitasoma kwao."

"Wao watajuaje?"

Natasha alitikisa kichwa, na hilo ndilo lililompandisha Serah mori. Akamwambia hana haya. Akamwambia wageni asiowajua anawaonea huruma, na Syombua aliyemlea katika nyumba hii hii, mama yake akiwa zamu hospitalini, hamwonei. "Nataka umwangalie uso, uje uniambie amekonda kiasi gani. Kwenye simu ananidanganya. Ni hilo tu ninalokuomba, na wewe unaniletea adabu za chuo."

Natasha alikuwa analia sasa. Tony alikuwa kwenye sinki, anaosha vikombe, amewapa mgongo.

"Pilau yao ilikuwa tamu, mama," alisema.

Hakuna aliyeuliza pilau ya nani. Serah alimgeukia akiwa na maneno makali mdomoni, kisha akakumbuka sahani za Barking. Alivuta kiti akakaa. Alimkasirikia Tony, akamkasirikia Natasha, akawakasirikia watu wa Barking upya, safari hii zaidi, kwa sababu walikuwa wamemfuata mpaka jikoni kwake na kumnyang'anya Boston.

"Piga simu," alisema mwishowe. "Usiandike. Piga, waambie kwa mdomo wako, wakiwa bado wanaweza kumwita mwingine."

Kule Boston ilikuwa mchana. Natasha alipiga simu akiwa ukumbini, kwa spika, na Serah akasikia kila neno. Profesa alisikitika, kisha akamshukuru kwa kuwaambia mapema. Akamshukuru! Shukrani hiyo ilimkera Serah kuliko matusi, maana ilikuwa haki.

Alinyoosha mkono, akapewa simu, akabonyeza namba asiyohitaji kuitafuta. Syombua alipokea akiwa amechangamka kuliko wiki nyingi zilizopita.

"Nimesukwa," alisema. "Niambie, Natasha bado anapenda samaki? Nataka nimtume jirani sokoni."

Serah alilitazama sanduku mlangoni.

"Usimtume, dada," alisema. "Ndiyo maana nakupigia mapema, kabla hujapika."