Kesi ya Msuli wa Kailemia

Mume wangu Kailemia alitahiriwa bila kupepesa jicho, na tangu siku hiyo hajanyamaza kuhusu jambo hilo. Hata alipokuwa kiziwi aliendelea kulisimulia, maana masimulizi yale hayakuwahi kuhitaji majibu.

Alipopandikizwa kifaa cha kusikia kwenye sikio la kulia, nilifurahi kama mtu aliyetoka kifungoni. Miaka yote ya uziwi wake nilimpigia kelele, na kelele ina maneno yake: chai tayari, ng'ombe ametoka, vaa koti. Kuna maneno mengine hayapigiwi kelele. Hayo niliyameza, yakanikaa kooni.

Lakini kifaa lazima kipimiwe kiasi cha sauti. Pale kliniki ya Kinoru, mjini Meru, Joyline, fundi wa masikio, alipandisha sauti kidogo kidogo na kumwomba mzee ainue mkono ikianza kumuumiza. Mkono ulibaki pajani. Jasho lilimtiririka, masharubu yakatetemeka.

"Ongeza!" akasema.

Tulipofika nyumbani jogoo akawika, naye akakibandua kifaa, ile sehemu ya nje, na kukifungia kabatini pamoja na soksi. Eti kinapumzika. Nikarudia kelele zangu, huku nikitamani kumchapa kwa mwiko.

Tuliporudi kliniki, Joyline alikuwa amechoka. "Mzee, leo wewe sikuulizi kitu. Nauliza msuli."

Akaeleza kwamba ndani ya kila sikio mna msuli mdogo kama punje ya wimbi. Sauti ikizidi hata upande mmoja, yote miwili inajikaza yenyewe, mwenye sikio apende asipende. Akamtia kizibo cha kupimia kwenye sikio la kushoto, akapeleka sauti kwenye kifaa cha kulia. Mstari kwenye skrini ukaruka.

"Hapo! Umeshtuka. Sasa tunajua mwisho wa sauti yako."

Kailemia akasimama. "Nani ameshtuka?"

"Msuli wa kushoto, mzee. Ni normal tu."

"Sauti iko kulia, halafu wa kushoto ndio anaruka? Huyo ni wa upande wa mama. Mama alitoka Kanja, huko Embu."

Akakataa kipimo hicho kisitumike mpaka wenzake wa rika, waliotahiriwa pamoja naye, wakae kikao. Basi wakaja kliniki na fimbo zao na kofia zao, wakajaza mabenchi ya wagonjwa, Mwirigi akiwa mwenyekiti.

"Siku ya kisu huu msuli ulikuwa wapi?" Mwirigi aliuliza. "Ulijificha ndani. Basi hiyo bado ni mtoto. Na mtoto hawezi ambia mwanaume sauti iishie wapi!"

Wazee wakagonga fimbo sakafuni. Niliona maneno yangu yakirudishwa kabatini pamoja na soksi, uvumilivu ukaniisha.

"Basi pimeni na misuli yenu!" nikawaambia.

Mwirigi akakaa wa kwanza, kidevu juu. Mstari ukaruka juu kuliko wa Kailemia. Wakapimwa wote, mmoja baada ya mwingine, na hakuna msuli uliosimama kiume. Mzee mmoja alisema mashine imetoka Nairobi na haijawahi kuwapenda Wameru, lakini hata yeye alisema akitazama viatu.

Walinong'ona kwa muda mrefu. Mwishowe Mwirigi akatoa hukumu: misuli yote ya masikio ni watoto, na mtoto ana ruhusa ya kushtuka, mradi jambo hilo lisitoke kliniki. Nikaapishwa. Niliapa upesi, bila nia yoyote ya kutimiza.

Joyline akakipanga kifaa kwa kufuata msuli. Nyumbani jogoo aliwika, Kailemia akamtazama tu, kifaa kikabaki sikioni. Tulikuwa jikoni tukimenya viazi.

"Baba Koome," nilimwambia mume wangu polepole, "nimekuwa mpweke, na wewe umekaa hapo hapo."

Hakugeuka. Aliendelea kumenya. Nikajua kazi yote imekuwa bure, nikavuta pumzi ili niyapige kelele maneno yale, hata kama majirani watasikia.

"Usipige kelele," alisema, macho yakiwa kwenye kiazi. "Nimesikia. Rudia tu."