Nondo wa Januari

Nondo mkubwa alitokea sebuleni Arlington mwezi wa Januari, nje barafu imegandia magari, nami nikasema kinachosemwa kwetu Mombasa mdudu huyo akiingia ndani: "Mgeni yuaja." Mwanangu Ridhwan akacheka. "Mama, kwa barafu hii nani ata-drive?"

Mgeni niliyemtaka nilimjua: Abdulhafidh, mdogo wake, anayekaa Houston, mwendo wa saa nne kwa gari. Waligombana siku ya Idi, na tangu nije kuwatembelea simu hunipigia, lakini nyumba hii haikanyagi. Wiki iliyofuata nilikuwa narudi zangu Mombasa. Nikaoka mkate wa sinia anaoupenda, nikakaa dirishani. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hakuja mtu.

Lakini nondo katoka wapi? Hilo lilinivuruga kichwa. Miti yote mitupu, mdudu hata wa dawa huoni. Mjukuu wangu Lubna akaenda nyuma ya pazia, akarudi na kijiti chenye kifuko kikavu kilichotoboka.

"Ni wangu, Bibi. Nilimuokota kwa project ya shule. Nilimuonea huruma na baridi."

Akanieleza kwamba nondo huyo hulala ndani ya kifuko mpaka miti ichipue, na baridi haimdhuru. Kobe naye hujifukia udongoni, chura topeni. Huyu wetu alidanganywa na joto la hita, akadhani wakati umefika. Sasa ametoka peke yake, hana mwenzake, na hata mdomo wa kulia hana.

"Atakufa?"

"After some days, Bibi."

Nilisikitika, nikazidi kuchanganyikiwa. Kumbe hakuja kuleta habari, ni hita tu. Sasa ishara ile ni kweli au si kweli? Na wanangu nao, kila mmoja kajifukia kwake akingoja mwenzake aanze. Wao wanangoja miti gani ichipue? Hasira ikanipanda.

"Ridhwan, barafu ikiyeyuka utanipeleka Houston."

"Mama, mimi kwake siingii."

"Utabaki garini."

Tulifika adhuhuri. Abdulhafidh akafungua mlango, akanitazama mimi, kisha sinia la mkate, kisha gari la kaka yake.

"Mama? Nani amekwambia uje?"

"Nondo," nikasema. "Amesema una mgeni."

Nyuma yangu nikasikia mlango wa gari ukifunguliwa.