Kura ya Chumba Namba Saba

Foleni ya asubuhi ilikuwa imefika kwenye kamba za nguo. Pasi alikaa kwenye kigoda mbele ya mlango wa choo, ufunguo shingoni, akipokea sarafu na kukata risiti. Vyumba ishirini na tisa, tundu moja.

"Pasi, mwambie huyo aliye ndani amelipia haja, hajalipia kodi!" fundi redio alipiga kelele, taulo begani.

Watu walicheka. Pasi naye alijitahidi kucheka, ila macho yake yalikuwa mwisho wa foleni. Dada yake alikuwa ametoka chumbani na kusimama pale, mkono mmoja ukutani.

Dada alikuwa na sukari, mwaka wa nne sasa. Alikwenda haja mara kumi, mara kumi na mbili kwa siku. Kibarua cha kuchambua maharage ghalani hakikumtosha kulipia mara kumi na mbili.

Miezi miwili nyuma choo kilikuwa cha wote. Kilinuka. Zamu za kukisafisha zilileta ugomvi kila wiki. Ndipo akaja mtu mwenye koti, ambaye baadaye walimwita Mzabuni, akaahidi taa, sabuni na mlango wa chuma, ila kila anayeingia alipe. Mwenyekiti wa wapangaji akaitisha mkutano uani: chumba kimoja, kura moja, anayekubali anyooshe mkono.

Siku moja kabla, Mzabuni alimvuta Pasi kando.

"Mgongo wako umeisha kwa kupiga pasi nguo za watu. Nitahitaji mtu wa kukaa na ufunguo."

Basi. Neno kura hakulitaja.

Dada alikataa tangu mwanzo. Kodi ya namba saba walilipa nusu kwa nusu, ndugu wawili, pazia katikati. Lakini mwenyekiti alipoita namba saba, Dada alikuwa chooni. Pasi aliutazama ule mlango wa mbao, uliofungwa kwa kipande cha waya. Angeweza kusema, subirini, mwenzangu anakuja. Akanyoosha mkono. Kumi na tano kwa kumi na nne.

Dada alirudi akijifuta mikono kwenye kanga.

"Nimesikia makofi. Tumeshinda?"

"Tumeshindwa kwa kura moja," Pasi alisema.

Hakuongeza kitu, siku ile wala baadaye.

Wiki ya kwanza ya mlango wa chuma alimwambia, "Pita tu, Dada."

"Bure ya nani? Yako au ya tajiri wako? Akikuona si utafukuzwa? Kata risiti."

Akawa analipa. Sarafu zilipopungua alipunguza maji. Pasi alijua, maana kikombe alichomwekea usiku alikikuta asubuhi kimejaa vilevile. Midomo yake ilipasuka. Daktari alikuwa amesema anywe maji mengi.

Leo Mzabuni alikuja mapema kukagua vishina vya risiti. Pasi aliinuka.

"Bosi, yule mwanamke wa mwisho ni mgonjwa. Apite mbele. Na apewe nafuu kidogo."

"Ni nani wako?"

"Dada yangu."

"Kila mtu hapa ni dada wa mtu." Mzabuni alifunua kishina kingine. "Mimi sikumlazimisha mtu. Mlipiga kura wenyewe, mchana kweupe. Na asiyetaka bei yangu, hii ni biashara huria, aende choo cha stendi."

"Cha stendi si chako pia?"

"Ndiyo maana nakwambia ni kizuri."

Foleni ikacheka tena. Dada alikuwa amesogea hatua mbili, mapaja ameyabana, jasho usoni.

"Basi tutaitisha kura nyingine," Pasi alisema. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka.

Mzabuni alimtazama kwa mara ya kwanza.

"Mkataba ni miaka mitano. Halafu wewe ndiye wa kusema hayo? Mkono wako ndio ulionipa hiki choo. Wa kumi na tano. Nilikuwa nahesabu."

Aliyasema bila hasira, kama anayemkumbusha mtu deni dogo.

Dada alimtazama mdogo wake. Mdomo ulifunguka kidogo, lakini kilichotoka hakikutoka mdomoni. Maji yalishuka kwenye kanga, yakapita miguuni, yakalowesha ndara zake, yakatandaa kwenye saruji. Hakujificha. Hakulia.

Alitembea hadi mbele, polepole, kanga ikichuruzika, akamnyooshea Pasi sarafu.

"Kata risiti."

"Dada, hujaingia."

"Nimeshatumia. Kata."

"Dada, tafadhali..."

"Mkono si unao? Kata."

Mzabuni alirudi nyuma hatua moja kuokoa viatu vyake. Pasi alishika kalamu. Akaandika tarehe, akaandika namba ya chumba. Akachana karatasi, akampa. Sarafu aliyoachiwa kiganjani ilikuwa na unyevu.

Nyuma yake mlango wa chuma ulifunguka, mtu akatoka. Fundi redio alikunja suruali, akaruka pale palipolowa. Wa nyuma yake naye akaruka. Foleni ikasogea.