Kengele ya Bwawani

Kila Jumapili ya kupamba makaburi, watu wa Cane Fork, Alabama, walikula kuku wa kukaanga huku wakijisifu jinsi mababu zao walivyoizamisha kengele ya kanisa bwawani, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, wanajeshi wa Kaskazini wasije wakaiiba. Bi Odessa alikuwa ameisikia hadithi hiyo tangu utotoni, na ilikuwa imemkinaisha.

Mwaka ule ukame ukalikausha bwawa. Kijiji kizima kikateremka kikiimba tenzi. Shaba ikaonekana matopeni, wakaivuta kwa trekta. Kumbe ni pipa la kupikia gongo, mrija bado unaning'inia.

Shemeji yake Bi Odessa, mzee wa kanisa Hollis, aliyekuwa akilaani pombe kila ibada, akakohoa.

"Maji yameiharibu umbo kengele yetu."

"Na mrija je, shemeji?" akauliza Bi Odessa. "Nao umeoteshwa na maji?"

"Heshimu mababu, wewe mwanamke!"

Jumapili iliyofuata pipa lilikuwa limetundikwa mnarani. Likagongwa, likalia bwa! Waumini wote wakainamisha vichwa, wengine wakafuta machozi.

"Debe tupu haliachi kuvuma," akasema Bi Odessa, na wala hakuwa akilitazama pipa.